Simu za mezani kwenye ghala la korosho, Mtwara: kumbukumbu ya mradi wangu

Agosti, kabla ya msimu

Mjomba wangu anaendesha ghala la korosho hapa Mtwara mjini, na kwenye kiwanja hichohicho ana ofisi ndogo ya usafirishaji. Wanaohitaji kuongea kutwa nzima ni karani wa mizani, mhasibu, msimamizi wa ghala, mlinzi wa getini na dada wa mapokezi. Mpaka sasa wanatumia simu zao za mkononi kwa bando lao wenyewe. Karani akimaliza kupima lori humpigia mhasibu amtajie uzito. Mhasibu akiwa anaongea na dereva aliyeharibikiwa njiani, basi anatumwa kijana akimbie na karatasi. Minada ikianza Oktoba malori hupanga foleni mpaka nje ya geti, na hapo kila dakika ya kutafutana ina gharama yake.

Nikamwambia nitamfungia simu za mezani zinazopita kwenye waya wa mtandao, kila mtu na namba yake ya ndani, na mteja akipiga namba moja ya ofisi apokelewe na kuhamishiwa anakotaka. Alinisikiliza, kisha akauliza: "Na mtandao ukikata, mjomba, tutaongeaje?"

Swali hilo ndilo limeamua namna nzima ya kuujenga mradi huu. Sisi wa Kusini tuliuona mwezi Mei 2024. Kimbunga Hidaya na mafuriko vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Sasa, huduma nyingi za simu za intaneti zinazouzwa kwa ofisi huweka mtambo wa kuunganisha simu kwenye seva za mbali, mara nyingi nje ya nchi. Ukimpigia mwenzako wa chumba cha pili, ombi la simu linatoka nje kwanza ndipo lirudi. Intaneti ikilala, hata mlinzi wa getini humpati. Kwa hiyo nimeamua mtambo ukae hapahapa ofisini. Intaneti itahitajika kwa simu za nje tu.

Vifaa nilivyochagua: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye diski ya SSD (kadi za kumbukumbu haziaminiki mahali umeme unapokatika ghafla), swichi inayopeleka umeme ndani ya waya wa mtandao, yaani PoE, ruta ya MikroTik, na simu za Yealink T31P. Herufi P ya mwisho izingatie unaponunua. T31 tupu haipokei umeme kupitia waya wa mtandao, utalazimika kutafuta soketi ya ukutani kwa kila simu. Kwa PoE, simu zote zinapata umeme kutoka kwenye swichi, swichi ikikaa kwenye UPS moja (betri ya akiba) basi umeme ukikatika simu zinaendelea. Kiwango cha PoE kiitwacho 802.3af kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na simu ya aina hii inatumia wati chache tu.

Programu inayoigeuza hiyo Pi kuwa mtambo wa simu ni Asterisk, ile iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999. Ni bure. Nimechukua toleo la 20. Anayejifunza aangalie jambo moja: mafunzo mengi ya zamani yanamwelekeza kuandika faili la mipangilio liitwalo sip.conf. Moduli iliyokuwa ikilisoma faili hilo imeondolewa kabisa kuanzia toleo la 21. Jifunze faili lililochukua nafasi yake, pjsip.conf, tangu mwanzo.

Bado Agosti: waya

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi za mtandao zinapoharibikia na watu wakalaumu simu.

Duka la kwanza lilinionyesha boksi la waya wa Cat6 kwa bei nzuri mno. Niliomba kipande, nikamenya ganda, nikachukua uzi mmoja na kuukwangua kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa kompyuta iliyo karibu unaweza usione tatizo, lakini ukipitisha umeme wa PoE ndani yake mambo hubadilika. Alumini inazuia umeme zaidi ya shaba kwa mara moja na nusu hivi, kwa hiyo volti zinapungua njiani na waya unapata joto. Simu ya mwisho kabisa inawaka vizuri ikiwa kimya, lakini mzigo ukiongezeka inaweza kuzima na kuanza upya. Mtu ataibadilisha simu, ataibadilisha swichi, kumbe ugonjwa umo ukutani. Boksi la shaba tupu ni zito zaidi, ukilinyanyua mkono unajua. Nimelipa bei yake bila kunung'unika.

Kutoka ofisini hadi getini kunazidi mita 100, ambao ndio mwisho wa waya wa mtandao wa shaba kwa kipande kimoja. Nimevuta faiba kutoka ofisini hadi ghalani, kisha swichi ndogo ya PoE ghalani inahudumia mizani, ghala na geti. Faiba pia haipitishi radi kutoka jengo moja kwenda lingine, na mvua za huku zikija na radi hazichagui. Swichi ya ghalani nayo ina UPS yake. Plagi za nje nimezifungia kwenye visanduku vyenye mpira wa kuziba, kwa kuwa upepo wa bahari unakula miguu ya plagi taratibu.

Septemba: simu zinaamka

Namba za ndani nimezipanga hivi: 101 mapokezi, 102 mhasibu, 103 mizani, 104 ghala, 105 geti. Nimezichapa kwenye karatasi na kuzibandika kando ya kila simu.

Simu moja moja inaweza kusajiliwa kwa kivinjari. Unabonyeza kitufe cha OK, simu inakuonyesha anwani yake ya IP, unaifungua kwenye kompyuta na kujaza jina, nywila na anwani ya seva. Sikutaka njia hiyo. Simu ikiungua katikati ya msimu, mimi nikiwa safarini, nani ataijaza upya? Nimeandaa faili moja kwa kila simu kwenye ile Pi, jina la faili likiwa ni namba ya MAC, yaani utambulisho wa kifaa, iliyoandikwa mgongoni mwa simu. Ruta, inapoigawia simu anwani, inaitajia pia mahali pa kuchukua faili hilo. Ni kile kipengele namba 66 cha DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani. Mstari wa kwanza wa faili lazima uwe #!version:1.0.0.1, bila huo Yealink hailisomi. Baada yake unakuja akaunti, nywila, saa za Afrika Mashariki (UTC+3), na majina ya wafanyakazi kwenye kitabu cha simu.

Anwani ya seva nimeiandika kwa tarakimu za IP. Ukiandika jina la kutafutwa kwenye intaneti, siku intaneti ikikata simu zitakuwa zinalitafuta jina na haziipati seva iliyo mita chache kutoka zilipo. Saa nayo ina hatari ileile. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimika na kuwaka bila intaneti haijui ni saa ngapi, na salamu ya "ofisi imefungwa" inaweza kuanza kuwajibu wateja saa nne asubuhi. Nimeipachika kisaa cha DS3231 chenye betri ya kidonge, na simu zote zinachukua saa kutoka kwa Pi.

Simu ya mizani ndiyo ya kwanza niliyoitoa kwenye boksi. Nikachomeka waya, taa ikawaka, kioo kikaandika inapakua, ikajizima na kuwaka tena, kisha likatokea neno MIZANI juu ya kioo. Nilipokwisha kuamsha na ya mhasibu, nikamwita mjomba, nikang'oa waya wa intaneti kwenye ruta mbele yake, nikamwomba apige 102. Akanyanyua mkonga, mhasibu akapokea chumba cha pili, sauti safi. Mjomba akamuuliza habari za hesabu za wiki, wakaongea kazi yao kabisa huku waya wa intaneti ukiwa mkononi mwangu. Aliporudisha mkonga akasema, "Hapo sawa. Endelea."

Septemba: laini ya nje

Laini ya nje tumechukua kwa kampuni yenye leseni ya TCRA, namba inayoanza na 023 kama zilivyo namba za mezani za Mtwara, Lindi, Morogoro na Pwani. Asterisk inajisajili kwao kupitia intaneti, simu zinaingia na kutoka.

Jaribio la kwanza: mteja anatusikia, sisi hatumsikii. Hili ndilo tatizo linalowasumbua wengi, na nimelifuatilia mpaka mzizi. Katika SIP, yaani lugha ambayo simu za mtandao hutumia kuitana, mazungumzo ya kuanzisha simu na sauti yenyewe vinapita njia mbili tofauti. Wakati wa kuanzisha, kila upande unautajia mwenzake anwani ya kupelekea sauti, kwenye mstari unaoanza na c=. Mtambo wetu uko nyuma ya ruta, kwa hiyo unataja anwani ya ndani ya 192.168. Ni sawa na kumwagiza mgeni aje chumba cha pili bila kumwambia nyumba ipi. Kampuni za laini zimezoea hilo. Zikiona anwani ya ndani zinasubiri pakiti (kifurushi cha data) ya kwanza ya sauti yetu ifike, kisha zinarudisha sauti kulekule ilikotoka.

Nilimwomba fundi wa kampuni ya laini anisomee mstari wa c= jinsi ulivyomfikia. Haukuwa na 192.168. Ulikuwa na anwani inayoanza na 100. Ruta iliyoletwa na mtoa intaneti ilikuwa na kipengele kinachoitwa SIP ALG, kinachofungua ujumbe na kubadilisha anwani kwa nia ya kusaidia. Ikaweka anwani yake ya nje, ambayo nayo si ya kweli, kwa sababu anwani kati ya 100.64 na 100.127 ni za ndani ya mtandao wa mtoa huduma, zinazogawanywa kwa wateja wengi. Upande wa pili ukaiona kama anwani halali ya intaneti, ukapeleka sauti huko, ikapotea. Nilizima SIP ALG na sauti ikaja pande zote mbili palepale. Ukikutana na sauti ya upande mmoja, anza hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Sauti tumeiacha kwenye G.711 A-law, namna ya kuigeuza sauti kuwa data. Simu moja inachukua kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande ukihesabu na vichwa vya pakiti, kwa hiyo simu nne za nje kwa pamoja hazifiki 350. Si nyingi. Kinachokata sauti ni kamera za ulinzi zinapopandisha picha mtandaoni na kujaza njia, hivyo kwenye MikroTik nimeipa sauti kipaumbele na kamera nimeziwekea kikomo.

Usalama: mlango wa mtandao namba 5060, ambao SIP huutumia, haujafunguliwa kwa intaneti kabisa. Wezi wa dakika hupekua mitambo ya simu usiku na mchana wakitafuta nywila rahisi, wakiipata wanapiga nje ya nchi mpaka salio liishe. Namba zinazoanza na 00 zimefungwa, isipokuwa kwa mhasibu mwenye namba ya siri.

Salamu ameisoma binti wa mjomba. Tulisubiri jioni, tukazima pangaboi na kufunga madirisha, kwa kuwa faili la sauti la Asterisk ni la hezi 8,000 na mvumo wowote unasikika mzito ndani yake. "Karibu. Kwa mizani na mapokezi ya korosho bonyeza moja, kwa usafirishaji bonyeza mbili, kwa malipo bonyeza tatu." Ana sauti ya kumtuliza dereva aliyesubiri tangu alfajiri.

Oktoba, malori yameanza

Mlinzi ndiye aliyezoea haraka kuliko wote. Lori likifika anapiga 103, anataja namba ya gari, karani anamwambia liingie au lisubiri. Mhasibu ameniomba simu ya mizani ilie kwake kwa mlio tofauti ili asiipite, nimemwekea. Msimamizi wa ghala hakai mezani, kwa hiyo 104 ikilia sekunde 15 bila kupokelewa inahamia kwenye simu yake ya mkononi.

Nilichorekebisha baada ya kuanza ni usajili wa laini ya nje. Intaneti kuu ikikata, ruta inahamia kwenye modemu ya 4G, lakini anwani yetu ya nje hubadilika na kampuni ya laini inaendelea kuleta simu kwenye anwani ya zamani mpaka tujisajili upya. Kawaida ya Asterisk ni kila sekunde 3,600. Nimeishusha hadi 120, wakakubali.

Sasa naandaa simu ya Masasi, kwenye ofisi ya kukusanyia mzigo. Itakuwa 106, ikipita ndani ya njia ya siri ya WireGuard hadi mtambo wa huku. T31P ina nafasi ya akaunti mbili, hivyo ya pili nitaisajili moja kwa moja kwa kampuni ya laini, ili Masasi waweze kupiga nje hata kama njia ya kuja Mtwara imekatika.