Ubishi wa mzingile

Mwenzangu aliandika programu ya kutafuta njia ndani ya mzingile, na ilifanya kazi. Hapo ndipo ubishi ulipokuwa mgumu. Kijiroboti kwenye skrini kilifika mlangoni kila mara, ila kwa mizunguko isiyo na maana: kinafuata ukuta wa juu, kinashuka hadi kona ya chini, kinapanda tena, na mlango wenyewe ulikuwa karibu tu na kilipoanzia.

"Kimefika au hakijafika?" aliniuliza.

Kimefika, nikakubali. Lakini nilikwisha kuona alikoweka vyumba vinavyosubiri kukaguliwa: kwenye staki, yaani rundo linalochukuliwa kutoka juu. Chumba kilichogunduliwa mwisho ndicho kilichokaguliwa kwanza, kwa hiyo programu ilizama ujia mmoja hadi ikagota, ndipo irudi nyuma. Nikamwomba kibodi. Kitanzi, ile sehemu ya programu inayojirudia, sikukigusa, wala orodha ya vyumba vilivyokwisha kupitiwa. Nilibadilisha upande wa kuchukulia tu, kitoke kilichotangulia kuingia. Foleni.

Tukaiamuru ipake rangi kila chumba inachokikagua. Safari hii rangi ilienea kama doa la mafuta kwenye karatasi: vyumba vya hatua moja kwanza, kisha vya hatua mbili, kisha tatu. Kwa mpangilio huo, mradi kila hatua ina gharama sawa, mlango ukifikiwa hakuna njia fupi zaidi iliyorukwa. (Mwanahisabati Edward Moore alichapisha jambo hili mwaka 1959, tena kwa mfano wa mzingile, sisi tulishangilia kana kwamba tumelivumbua.)

Mwenzangu hakubali kushindwa kirahisi. Akaleta ramani kubwa kupindukia, programu ikaanza kujikokota. Kumbe tulikuwa tunachomoa mwanzoni mwa orodha ya kawaida ya Python, lugha tuliyoandikia programu, na ukichomoa hapo, vyote vilivyobaki husogezwa nafasi moja. Tukahamia deque, aina nyingine ya orodha, inayotoa upande wowote bila kusogeza kitu, na mwendo ukarudi.

"Basi staki ni ya nini?" akauliza, nusu kwa hasira.

Nikamwonyesha kitufe chake mwenyewe cha kutengua, kinachofuta kilichofanywa mwisho, pale mchezaji anapochora kuta. Hakuniamini, akaweka foleni na huko. Akachora kuta kadhaa, ya mwisho akaipindisha makusudi, akabonyeza. Ukuta wa kwanza ukatoweka, uliopinda ukabaki palepale. Akacheka, akarudisha staki yake bila neno, tukaanza kubishania upana wa kuta.