Kati ya mlio wa kwanza na wa pili

"Baba, zamani simu za mezani zilijuaje nani anapiga?" Binti yangu aliuliza hivyo juzi, na tangu hapo nimekuwa nikiiwaza ile modemu yangu ya zamani, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu.

Nilitaka kompyuta yangu ya Linux inionyeshe namba ya mpigaji kabla sijainua mkonga. Modemu mpya za wakati huo hazikunifaa: nyingi zilikuwa kadi za ndani zilizoiachia prosesa kazi yote, na bila draiva ya Windows, yaani programu ya kuziendesha, zilikuwa bubu. Nikageukia za nje, zinazochomekwa kwenye tundu la siriali la kompyuta, ambazo watu walishazitupa kwa sababu ya kasi yao ndogo. Nazo zilikuwa na mambo yake. Ili zionyeshe namba, nyingine zilitaka uziandikie amri AT+VCID=1, zenye chipu za kampuni ya Rockwell zilitaka AT#CID=1, na nyingi zilijibu ERROR kwa zote mbili.

Kisha moja ikajibu OK.

Nikamwomba dada apige, nikakaa mbele ya minicom, programu inayoonyesha kile modemu inachoandika. RING. Kisha kimya. Kwenye mfumo wa Marekani, ambao modemu ile ilitengenezewa, namba husafiri ndani ya kimya hicho, baada ya mlio wa kwanza, kwa biti 1200 kwa sekunde: sauti mbili zinapokezana, 1200 Hz na 2200 Hz. Ukiwahi kupokea, umeiua. Uingereza taarifa hutangulia mlio wenyewe, kwa hiyo modemu nzima kabisa inaweza kuwa kiziwi huko. Mkono ulikuwa juu ya mkonga na sikuuinua. DATE ikatokea, halafu TIME, halafu NMBR, na mbele yake namba ya dada, tarakimu kwa tarakimu. Nilipaza sauti. Simu iliendelea kulia na sikupokea, nikiisoma tu ile namba.

Baadaye mgetty, programu ya kupokea simu kupitia modemu, ikawa inachagua wa kumjibu kwa kutazama namba. Hapo nikatamani makubwa zaidi: modemu inayotambua mtindo wa mlio, yenye amri ya +VDR, inayokuandikia DRON na DROF, yaani mlio umedumu na kunyamaza kwa sehemu ngapi za kumi za sekunde, ili laini moja iwe na namba mbili, kila moja na mlio wake. Hiyo sikuipata mpaka laini ya shaba inakatwa. Hata leo nikikuta modemu kuukuu mahali, naigeuza kwanza nione ina chipu gani.