Pasaka Ina Siku 50: Kudumu Katika Imani Ukiwa Kazini Ghuba

Bwana asifiwe, wapendwa mlioko Ghuba. Pasaka yenyewe haina shida: bosi anatoa ruhusa, kanisa linafurika, simu inajaa salamu za nyumbani. Kazi inaanza Jumatatu yake. Kwa kalenda ya Kanisa, Pasaka ni majira ya siku 50 hadi Pentekoste, na hapo ndipo mfanyakazi wa ndani, mlinzi au dereva anapopoa, maana zamu haijui Jumapili.

Shika kwanza siku yako ya mapumziko. Kwa wafanyakazi wa ndani, sheria ya Imarati ya 2022 na ile ya Qatar ya 2017 zote zinakupa siku moja ya mapumziko kila wiki, yenye malipo. Ukiomba "ruhusa ya kanisa" itaonekana hisani, na hisani hutolewa sikukuu tu. Omba siku yako ya kisheria, iwe ileile kila wiki, na mkubaliane mapema. Usikatae Ijumaa ukisubiri Jumapili: Qatar wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, na makanisa ya Mesaymeer, Doha, hujaa Ijumaa. Imarati wikendi ni Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022. Kwa walioko Dubai, St. Mary's ya Wakatoliki na Holy Trinity ziko jirani pale Oud Metha, na metro inafika. Popote uendapo, beba kitambulisho cha ukaazi.

Siku nyingine sita ni za Neno. Matendo ya Mitume ina sura 28. Soma sura 4 kwa wiki, na wiki 7 zitakufikisha Pentekoste. Siku 2 zinazobaki kati ya hizo sita ni za kufidia, nazo ndizo zinazouokoa mpango. Wengi hupanga kusoma kila siku. Wageni wakijaa nyumbani kwa bosi siku mbili mfululizo, msomaji anabaki nyuma, anaona aibu, anaacha kabisa. Sura ya 7 ina aya 60, igawe mara mbili. Pakua Biblia ya sauti ukiwa na Wi-Fi, uisikilize unapopiga pasi.

Sura ya 16 isome polepole. Paulo alipofika Filipi, siku ya sabato alitoka nje ya lango, akawakuta wanawake wamekusanyika kando ya mto. Mmoja ni Lidia, muuza rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira, mgeni mjini pale kama wewe. Mlioko Saudia, ambako hakuna jengo la kanisa, sura hiyo ni yenu. Salini faraghani, msirushe picha za ibada mitandaoni, wala msiwahubirie watoto wa bosi. Kumhubiria Mwislamu ni kosa la kisheria katika nchi hizi, na anayekamatwa anaweza kurudishwa nyumbani.

Tafuta jumuiya ya watu 5 hadi 8, wasizidi. Imarati simu za WhatsApp zimefungwa, lakini ujumbe wa sauti unapita: kila mmoja atume dakika 2 tu, aya moja na ombi moja, muda wowote kabla ya kulala. Msilazimishe mkesha wala saa moja ya pamoja, kwa sababu zamu hazifanani na Dubai iko saa moja mbele ya Nairobi na Dar. Video za mahubiri zisisambazwe humo, zinafunika maombi ya watu. Na pesa zikae nje kabisa. Michango ya msiba ifunguliwe kundi lake. Sadaka itumeni moja kwa moja kwa parokia au usharika mnaoujua. Mchungaji asiyejulikana anayewataka "mpande mbegu" kwa M-Pesa aondolewe siku hiyohiyo.

Mkimaliza Matendo, endeleeni na Waraka kwa Wafilipi: sura 4 tu, wiki moja, na Paulo aliuandika akiwa kifungoni.