Mwezi Mmoja wa Danieli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeombwa kuwaombea vijana wanaomaliza chuo, na jambo hilo limenikalia moyoni. Kila aliyetaja hitaji lake alitaja kazi. Ni haki yao. Nami niliwahi kuiomba kazi kwa machozi. Ila nimekuwa nikijiuliza ni nani atawaombea ile asubuhi ya kwanza baada ya mahafali, ambapo hakuna kipindi cha kuwahi, hakuna mtihani, wala mwenzako wa bweni anayegonga mlango kukuita kwenye maombi. Ratiba ya chuo ilikuwa inawabeba, hata wale waliodhani wanatembea wenyewe.

Nikarudi kwa Danieli wa kwenye Biblia. Tunamkumbuka kwa simba, tunasahau kwamba naye alikuwa mhitimu. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, akafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, akawekwa katika malezi ya miaka mitatu, na mwisho wake mfalme akamwona yeye na wenzake kuwa bora mara kumi kuliko waganga na wachawi wote wa ufalme. Matokeo ya namna hiyo yanaweza kumfanya mtu ajisahau. Lakini fungua sura ya 6. Zaidi ya miaka 60 imepita, Babeli imeanguka, watawala wamebadilika, Danieli ni mzee. Bado anapiga magoti mara tatu kila siku, "kama vile alivyokuwa akifanya tokea hapo."

Sasa itazame ile amri ya mfalme Dario, kwamba atakayemwomba mungu au mtu yeyote isipokuwa mfalme atupwe katika tundu la simba. Ilikuwa ya siku 30 tu. Mwezi mmoja! Danieli angeweza kusema, "Mungu anaujua moyo wangu, acha mwezi huu upite." Angeweza kufunga madirisha akaomba kimyakimya. Nani angemlaumu? Maadui zake walitega mtego wao juu ya jambo moja: walijua atakuwepo pale kwa saa yake. Wakubwa wale walikuwa wameshamchunguza kazini wakakosa kosa, wakaona kwamba pa kumpata ni kwenye magoti yake tu. Mimi natamani maadui zangu wawe na uhakika na mimi kiasi hicho.

Wadogo zangu mnaohitimu, Ibilisi hatawajia kesho akiwaambia mumkane Kristo. Atawaomba mwezi mmoja. "Umesoma sana, pumzika kwanza." "Subiri upate kazi, ndipo ujipange." Basi mtu anakesha na simu mpaka saa nane usiku, anaamka jua limeshapanda, Biblia haijafunguliwa, barua ya maombi ya kazi haijaandikwa, na jioni anasema siku imekwisha vibaya. Mwezi unazaa mwezi. Kupumzika si dhambi, Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wapumzike kidogo. Ila pumziko lisilo na saa ya kuamka Mithali inalijua: "Bado kulala kidogo, kusinzia kidogo." Chagua saa yako sasa, ukiwa bado huna mwajiri wa kukuamsha. Iwe robo saa ya neno na maombi, halafu kazi ya mikono au ya kichwa, hata kama hakuna anayekulipa.

Fedha ni vivyo hivyo. Anayengoja mshahara ndipo aanze kutoa na kuweka akiba atashangaa, maana mshahara utamkuta na tabia ileile aliyokuwa nayo kwenye posho. Kuhusu marafiki, Paulo amemaliza: mazungumzo mabaya huharibu tabia njema.

Na sisi wazazi na wazee wa kanisa, neno hili lituchome pia. Tunawasimamisha mbele siku ya kuwaombea, tunapiga makofi, halafu tunawaacha. Kijana akikaa nyumbani bila kazi tunamuuliza kila siku, "Bado hujapata?" mpaka anaona aibu kuja ibadani. Kisha tunamsomea Waebrania 10:25, kwamba tusiache kukusanyika pamoja, kana kwamba si sisi tuliomfukuza kwa maswali. Mstari huohuo unasema "tuonyane", na mstari unaoutangulia unasema tuhimizane katika upendo na kazi nzuri.

Kwa hiyo wiki hii mpigie simu mhitimu mmoja unayemfahamu. Usimuulize habari za kazi. Mwambie saa unayoamka kuomba, umwombe muombe pamoja kwa simu mpaka mwezi uishe.