Siku Mbili Shela

Wiki iliyopita nilitimiza nia yangu ya muda mrefu ya kuzuru Shela, kijiji cha kale kilichoko takriban kilomita 3 kutoka mji wa Lamu. Niliwasili kwa mashua wakati wa maji kujaa, na kitu cha kwanza kuniteka macho kilikuwa mnara mweupe wa msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, ambao umbo lake la pia halifanani na lolote nililowahi kuliona pwani yetu.

Katika ufuo huu, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa. Leo mchanga umetulia kwa urefu wa kilomita 12 hivi, na vilima vyake, ambavyo mgeni huviona kuwa pambo tu, ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayotumiwa mjini Lamu. Kwa hiyo naumia sana ninaposikia habari za kujenga juu yake.

Jioni, mama mwenye nyumba niliyofikia alinikaribisha uani nimtazame akipika samaki wa kupaka. Alikuna nazi kwa mbuzi, akakamua tui zito, akalitia kitunguu thomu, tangawizi na ndimu, kisha akawa anampaka changu juu ya makaa, tabaka baada ya tabaka, mpaka rojo likashika rangi ya dhahabu.

“Usimgeuze upesi, mwanangu,” aliniambia, “tui lataka subira.”

Tulimla kwa wali wa nazi, mkekani, upepo wa kusi ukivuma.