Siku moja na mbao mbichi, Mafinga

Saa 12:30 asubuhi. Julai huku kwetu Mufindi baridi inauma masikio. Kabla ya chai nalizunguka rundo la mbao la mwezi jana, tulilolipanga likauke, napitisha kiganja kati ya mbao. Ubao wenye maji ni wa baridi kuliko mwenzake.

Saa 2. Mashine imewashwa. Magogo ya msindano (paina) yameshuka jana kutoka shamba la miti la Sao Hill, yanachuruzika. Leo tunapasua inchi moja kwa nane, urefu futi 12. Zenye kiini cha mti nazitenga, maana hizo hujisokota hata uzibembeleze vipi. Zitakaa chini kabisa, zikandamizwe na uzito wa nyingine.

Saa 3. Msingi: matofali ya saruji, kimo cha goti, yamenyooshwa kwa pima maji. Juu yake mbao, kati yao nafasi ya kidole, kisha vijiti vikavu vya inchi moja, vya kupitisha upepo, kila baada ya futi mbili. Kijiti kikae juu ya kijiti mpaka kileleni. Viwili vya mwisho navisogeza vichwani kabisa, ndiko ubao unakoanzia kupasuka.

Saa 5. Kijana wetu mpya kaishiwa vijiti, kachomeka kipande cha inchi moja na nusu.

"Kaka, si tofauti ndogo tu?"

"Chuchumaa hapa, mdogo wangu. Tazama kwa mbele."

Akaiona nundu. Ubao hukaukia umbo uliolazwa nalo, na ukishakauka hivyo haurudi. Tulishusha safu nne. Sikumgombeza, nami nilifundishwa hivyohivyo.

Saa 7, ugali na maharage.

Saa 9. Mteja anataka mbao za juzi, za kutengenezea kabati. Ati jua litazikausha njiani. Nilimsihi sana. Mwaka juzi niliachia mbao mbichi, na mama mmoja akanirudia na mlango wa kabati usiofunga. Alikuwa amedunduliza hela zile. Bado inaniuma. Jua hukausha ngozi ya ubao, ndani maji yamebaki, unapasuka. Kinachokausha ni upepo. Ndiyo maana juu tunaweka mabati na ubavuni tunaacha wazi. Huyu alikubali kusubiri.

Saa 11. Napima uzito wa kipande changu cha majaribio cha futi mbili kutoka rundo la mwezi jana. Kilianza na kilo 2.8, wiki jana 1.9, leo 1.7. Kikigoma kushuka wiki mbili mfululizo, nafungua rundo. Naandika kwa chaki, nakirudisha mahali pake, kisha naongeza mawe juu ya mabati, maana upepo wa jioni umeanza.