Mstari mmoja kwa kila marehemu

Kaboya, wilayani Muleba, makaburi ya waliokufa katika Vita vya Kagera yamepangwa mistari kama askari wa paredi. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, nchi inawakumbuka kwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, dua za shehe na za padri. Sina neno juu ya hayo, na mwenyewe huyatazama kwenye televisheni mpaka mwisho. Ila mimi ni katibu wa kikundi cha wale waliorudi, na waliorudi hakuna aliyewapanga mistari. Wamefia nyumbani mmoja mmoja, wakazikwa kwenye vibanja vyao katikati ya migomba: huyu Kanyigo, yule Kamachumu, mwingine huko Bunazi. Ukitaka kuwazuru wote, andaa viatu vya akiba.

Rasmi sisi ni kikundi cha kufa na kuzikana. Kuna ada ya mwezi, kuna mweka hazina mkali, kuna jeneza au sanda kulingana na dini ya mtu. Wengi wa wazee hawa hawakuwa wanajeshi wa kudumu. Walikuwa mgambo. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwingine askari magereza, wengine vijana waliokuwa JKT, na mmoja dereva wa lori la ushirika ambalo lilichukuliwa pamoja na yeye mwenyewe ndani yake. Huyo dereva ni baba yangu, na ndiyo sababu daftari la marehemu wetu liko kwangu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Siku chache baadaye yakalilipua daraja la Kyaka. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akasema maneno ambayo kila mzee wa kikundi anayajua kwa ghibu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mpaka leo ukimdai mzee ada ya miezi mitatu atakwambia, “Sababu tunayo, katibu, na nia tunayo. Uwezo ndio haujafika.”

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida lenye jalada gumu. Jina, kijiji, kikosi, tarehe ya kufariki. Safu ya tano iliongezwa kwa rula na katibu wa kwanza, yule mwalimu, akaiita “Maelezo”. Ndani ya jalada akaandika kwa wino mwekundu maagizo kwa katibu yeyote atakayekuja: “Usiandike shujaa. Andika alichofanya. Mstari mmoja.”

Mwanzoni niliona ni ukavu wa mwalimu tu. Nimekuja kumwelewa kadiri ninavyohudhuria misiba. Msemaji anasimama, anasema marehemu alikuwa shujaa, alilipigania taifa, mpenda watu, mcheshi. Msiba unaofuata anasimama mwingine na kusema hayo hayo juu ya mtu tofauti kabisa, ambaye hakuwahi kucheka mbele ya wageni. Maneno yale yanamfaa yeyote, kwa hiyo hayamfiki hata mmoja. Mstari wa mwalimu hauwezi kumfaa mtu mwingine. Mfano:

“Alibeba sufuria kubwa la kikosi kichwani kutoka Mutukula hadi Masaka, akakataa kupokewa.”

“Aliingia Kampala, Aprili 1979, akiwa na buti mguu wa kulia na kandambili mguu wa kushoto.”

“Alikuwa mtu wa redio. Adui naye alitumia Kiswahili. Usiku mmoja alimsikia mmoja wao akimlilia mama yake hewani. Hakutuambia kama alimjibu.”

Huo wa mwisho ni mistari minne, si mmoja, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyeuandika. Sheria ilikuwa yake, na ruhusa ya kuivunja ilikuwa yake.

Wake yeye niliuandika mimi, baada ya kuwauliza wenzake waliobaki. Nilitegemea wataniambia habari za mapigano. Wakaniambia kwamba Masaka, katika zile siku za kungoja amri, alimfundisha mgambo mmoja kuandika, kwa kijiti kwenye udongo, mpaka yule mtu akaandika barua ya kwanza ya maisha yake na kuituma kwa mkewe. Barua ilikuwa na maneno mawili: “Nipo. Salimia.” Mke alikuwa hajui kusoma, akaipeleka kwa katekista. Kwenye mstari sikuliandika hilo la katekista, kwa sababu ya nafasi.

Kuna kurasa ambazo huzifungua polepole, za kati ya miaka ya themanini na tisini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa kwetu Kagera mwaka 1983. Kabla watu hawajajua ni nini, waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikitoka Uganda. Kwenye kurasa hizo safu ya tano inajirudia: “Aliugua kwa muda mrefu.” Mstari unaofuata: “Aliugua kwa muda mrefu.” Hata mwalimu, pamoja na ukali wake wote, hapo kalamu ilimshinda. Wanaume waliotoka salama Uganda, waliorudi kwenye nchi iliyoambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18 na wakaufunga, waliondoka hivyo, wengine wakiwa bado hawajafika miaka arobaini. Wapo waliozikwa haraka, waombolezaji wakisimama mbali na jeneza.

Hawa ndio ninaowapa muda wangu mwingi. Nimewaomba wazee wanipe kitu kingine juu ya kila mmoja, chochote kisichokuwa ugonjwa. Wengine walikataa kwanza, si kwa ubaya. Walisema waitu, binti yetu, waache wapumzike. Lakini ukimkalisha mzee na kikombe cha chai kumbukumbu hurudi. Sasa mstari wa mmoja wao unasema: “Sauti yake kwenye mchakamchaka ilifika kombania ya nyuma.” Wa mwingine: “Alijua kushona. Kombati zetu zote zilipita mikononi mwake.” Wa yule aliyekuwa na duka la mchanganyiko njia panda, ambaye nilimwogopa nilipokuwa mdogo kwa jinsi alivyokonda, unasema: “Alitoa damu mara mbili kwa siku moja, ya pili akidanganya jina.” Maneno ya mwalimu sikuyafuta. Nimeyaacha, nikaongeza chini yake.

Tunasoma majina alasiri ya Julai 25, barazani kwa mwenyekiti, baada ya matangazo ya televisheni kwisha. Hakuna mizinga wala buruji. Kahawa ya kutafuna inazungushwa kwenye kikapu kidogo, mimi nasoma, wazee wanasikiliza, wenye bereti wamezivaa. Kinachonifurahisha ni kwamba hawasikilizi kwa unyenyekevu. Wanabisha. “Haikuwa Masaka, ilikuwa Mbarara.” “Sufuria lile hakulibeba njia yote, nililipokea mimi kwenye ule mlima.” “Wewe? Wewe ulikuwa unaharisha!” Ninakata, ninaandika juu yake, mwaka unaofuata mwingine anadai la zamani lilikuwa sahihi. Baadhi ya mistari ina wino wa rangi tatu. Mtu aliyekufa miaka mingi bado anagombewa, na sijui heshima gani inazidi hiyo.

Mara moja ubishi ulikuwa wa kweli. Nilifika kwenye jina la mgambo mmoja wa Missenyi aliyekuwa amefariki karibuni. Kabla sijalisoma, mzee aliyekuwa sajini akainua mkono. “Huyo hasomwi.”

Nikamuuliza kwa nini, mzee.

“Aliacha lindo. Watu wamelala, yeye akaacha lindo akaenda zake. Kama adui angekuja usiku ule, nusu ya hawa unaowaona hapa wangekuwa Kaboya.”

Mwingine akasema alirudi. Sajini akasema anajua kuwa alirudi, maana aliyemfunga kamba aliporudi ni yeye. Akasimulia bila kupandisha sauti: asubuhi ya pili kijana akatokea kwenye migomba, amelowa, bunduki yake begani, risasi zote zimo, akasimama mbele yake, akapiga saluti. Hakuomba msamaha. Alisema tu, “Nimerudi, afande.”

“Kwani wewe hukuogopa?” akaulizwa.

“Niliogopa sana,” sajini akajibu. “Lakini niliogopa nikiwa palepale nilipowekwa.”

Hapo hakuna aliyekuwa na la kusema, kwa sababu ni kweli. Mweka hazina wetu, ambaye ni mjane wa marehemu huyohuyo, alikuwa amekaa mlangoni na daftari lake la fedha. Tulikuwa tumesahau kuwa anasikia, au tulijifanya. Akasema, “Baba, andikeni vyote viwili. Mimi nimelala naye miaka yote hiyo. Usiku alikuwa anakimbia, na usiku huohuo alikuwa anarudi. Msiandike nusu.”

Sajini akatafuna kahawa yake muda mrefu. Kisha akaniambia niandike kama anavyosema yeye, neno kwa neno: “Aliacha lindo usiku. Alirudi mwenyewe, na bunduki yake.” Akaomba daftari, akavaa miwani, akausoma yeye kwa sauti ya paredi. Tangu siku hiyo, jina hilo likifika, namkabidhi yeye daftari.

Mstari wa baba niliupata kwenye matanga yake, kutoka kwa baba mdogo mmoja ambaye si ndugu wa damu, ni wa lori. Baada ya daraja la Kyaka kulipuliwa, jeshi liliweka daraja la muda ili kuvusha watu na silaha. Usiku wa zamu yao mvua inanyesha, taa hairuhusiwi kuwashwa, na lori la baba limejaa makombora. Baba alisimamisha gari mwanzoni mwa daraja, akazima, akashuka. Ofisa akamfokea aendeshe. Akajibu, “Subiri, afande, bado hatujafahamiana.” Akavuka kwa miguu peku, akipapasa mbao kwa nyayo mahali tairi za kulia zitakapopita, akarudi akipapasa mahali pa tairi za kushoto, akapanda, akavusha mzigo gizani. Halafu akarudi kuchukua mwingine.

Utoto wangu wote, tukisafiri naye, baba alisimamisha lori kwenye kila kidaraja, hata kile cha magogo kinachovuka mfereji wa kahawia usiofika magotini. Alishuka na kutembea. Alituambia anakagua tairi. Mama alikuwa akikasirika, tunachelewa mnadani. Mstari wake unasomeka: “Alivuka Kagera kwa miguu kwanza, kisha kwa lori la makombora.” Mama alipousikia mara ya kwanza aliomba nirudie.

Yupo mmoja wetu ambaye mstari wake nausoma haraka kuliko yote. “Alivuka kinamasi cha Lukaya, maji kifuani, Machi 1979. Alizama na MV Bukoba, Mei 21, 1996.” Alikuwa anapeleka mtoto shule Mwanza.

Mgambo hana makaratasi mengi. Mzee mmoja alienda ofisi fulani kuulizia haki zake, akaambiwa alete namba ya jeshi. Akafungua vifungo vya shati, akawaonyesha kovu. Akaambiwa hilo si kielelezo. Yeye alikuwa anaisimulia kama kichekesho, na alikuwa anaisimulia vizuri. Amefariki. Nimeandika habari ya shati kwenye safu yake, kwa hiyo sasa angalau ni kielelezo kwetu.

Ninaandika haya kwa sababu wanaokumbuka wanapungua haraka kuliko ninavyoweza kuwauliza, na bado kuna majina yenye safu tupu. Mmoja tunajua alitoka Kiziba, alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na jino la dhahabu. Mmoja aliitwa na wenzake Padri, ingawa hakuwa padri, na waliojua sababu ya jina hilo wote wamekwenda. Wawili walikuwa ndugu wa baba mmoja kutoka ng'ambo ya Kyaka, na wazee wanachanganya nani alifanya nini. Kama babu yako alikuwa mgambo au askari huku Kagera mwaka 1978, na mama yako au shangazi yako anakumbuka hata kitu kidogo alichowahi kukisema, niandikie. Usiniambie alikuwa shujaa. Niambie alikuwa anabeba nini, alikuwa anaimba nini, alirudi na viatu gani.